Sauti Iliyonitangulia Kushuka Mlima

Nyote mmeshaisikia. Msijifanye hamjaisikia. Ile voisi imezunguka Maskati yote mpaka nimeletewa mimi mwenyewe, na mwanamke wa saluni ambaye hata nambari yangu sijui kaipata wapi. Chini yake kaniandikia: "Isikilize mpaka mwisho, utacheka." Nikaisikiliza. Ni mimi. Nahema kama mbuzi aliyekimbizwa, upepo unavuma nyuma, na nasema maneno ambayo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze, mimi na viatu vyangu.

Sasa kila ninayekutana naye: "Mama Nayla, ilikuwaje huko?" Mmeniuliza harusini, mmeniuliza matangani, mmeniuliza nikiwa nimebeba mikate mikono miwili. Nimechoka kuhadithia vipande vipande, kila mtu na kipande chake anachokipenda. Naandika mara moja, yote. Na aliyeirusha ile kwa watu, airushe na hii, na asiikate katikati.

Amerat mpaka huko kwa Asila

Asila ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu Nassor. Alikwenda Skotilandi kusomea uuguzi, akamaliza, akapata kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, akabaki. Mama yao, Bi Zuwena, mkwe wangu, alimnunia. Hakupokea simu yake, hakutaka atajwe. "Mtoto wa kike hakai peke yake kwa watu," basi, imekwisha hiyo. Ramadhani iliyopita ndiyo wakaanza kuzungumza tena, kidogo kidogo, leo salamu, kesho dua, kesho kutwa Asila anaulizia mchuzi wa papa unaungwaje. Akaahidi atakuja Idi Kubwa. Nassor alipopata likizo, mkwe akasema, "Nendeni mkamtazame mwanangu. Nataka kujua anaishije."

Akatufungia sanduku: tende, haluwa, buni, udi, dele la kahawa lile la kisasa linaloshika moto, na finjani zenye ukingo wa dhahabu, ndugu moja na zile anazowatolea wageni wake mwenyewe. "Mwambie anywee akikumbuka nyumbani."

Na hapa niseme ukweli, kwa sababu bila ya hili hamtonielewa. Mimi Asila nilikuwa na choyo naye. Nimeolewa nyumba ile, nimezaa, kila Ijumaa naendesha gari kutoka kwetu Amerat mpaka kwa mkwe Ghubra nikapike, na kila nikiuweka wali mezani mkwe anaonja anasema, "Wa Asila ulikuwa unachambuka." Asila hayupo! Asila kakimbia! Lakini wali wake bado unachambuka.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu na Nayla, ambaye ana miaka minne, alilala pale tu tulipotakiwa tushuke. Tulipofika uwanja wa ndege wa huko, afisa mmoja akalifungua sanduku akautoa udi, akaunusa.

"Hii nini?"

"Udi."

"Wa kufanyia nini?"

"Tunachoma, moshi unaingia nguoni."

Akaniangalia. Akamwita mwenzake. Mwenzake akanusa. Nikawaambia kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba sisi hufukiza nguo zetu mpaka ziwe na moshi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kukunja nyuso. Nassor kasimama pembeni anaangalia dari kama hanijui. Tuliachiwa wakati gari zote zilizobaki za kukodi zilikuwa zile ndogondogo, sanduku la mkwe likakaa mapajani mwangu njia nzima, mvua inapiga, Nassor anaendesha upande ambao si wetu na anasoma Ayatul Kursi kila mzunguko.

Nyumba ya Bi Jean

Asila kapanga chumba kwa bibi mmoja, Bi Jean, mjane, nyonga yake ilivunjika na sasa anatembea kwa magongo. Tulipofika mlango ukafunguliwa, na wa kwanza kutoka hakuwa Asila, hakuwa Bi Jean. Alikuwa mbwa.

Mbwa mkubwa, mweusi kwa mweupe, manyoya kama zulia. Nilipiga ukelele nikamnyanyua Nayla nikapanda juu ya boneti la gari na abaya langu. Majirani wakatoka madirishani. Asila akatokea, hijabu yake kichwani, anacheka mpaka anashika mbavu.

"Wifi, shuka! Huyu ni Angus. Hali watu."

"Mfunge!"

"Wifi, mzee huyu, hata meno hana yote."

"Nimesema mfunge, Asila!"

Akafungwa. Nikashuka. Hakuna aliyetwambia kwamba kuna mbwa, nyie. Hakuna! Nassor alijua, hilo nililigundua baadaye, akaona anyamaze "ili tufike kwa usalama".

Bi Jean alitupikia supu ya adesi, na alikuwa kanunua chungu kipya kwa ajili yetu, bado kina karatasi ya dukani ubavuni. Mimi karatasi sikuiona. Nilimwambia Nassor kwa Kiswahili, kwa sauti, "Usiguse, vyungu vyao vinalambwa na mbwa," na Bi Jean akanitabasamia kwa upole akidhani naisifu. Asila akaniangalia. Akaigeuza ile karatasi ya chungu upande wangu.

Baada ya kula nikamsaidia Asila kuosha vyombo. Penye mlango wa nyuma pana bomba na ndoo ya udongo, udongo mtupu, hakuna hata jani, na kopo juu yake. Nikajisemea moyoni, angalia uvivu huu, hata maua kashindwa kupanda.

Asila akafunga bomba. "Wifi, nakuomba kitu. Mama usimwambie habari ya Angus. Nitamwambia mwenyewe nikija Idi, uso kwa uso. Kwenye simu hatonielewa, na ndiyo kwanza tumeanza kuongea. Bi Jean hawezi kumtembeza, hana mtu. Mimi ndiye ninayemtoa."

"Na mimi nianze wapi kumwambia?" nikasema.

Hilo si jibu. Lakini yeye alilichukua kuwa ni jibu, na mimi nikamwacha alichukue.

Chini ya mlima

Asubuhi jua limewaka kama la kwetu. Asila akasema twendeni tukapande mlima. Nikafurahi. Sasa nyie mnajua sisi tunavyopanda mlima: unatia gari gia, unapanda mpaka juu, unatandika mkeka, unakula, unapiga picha, unarudi. Basi nikaamkia jikoni. Nikapika biriani ya kuku, nikaitia kwenye hotipoti. Nikachukua mkeka, dele, finjani za mkwe, tende, haluwa, maji. Nikavaa abaya na raba zangu nyeupe mpya.

Asila ananisubiri mlangoni na mabuti, koti la mvua na mbwa. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Wifi, tunapanda kwa miguu."

"Kwani gari haifiki?"

"Gari inaishia chini."

"Basi tutakula hapo chini."

Nassor akaona ni rai nzuri sana. Tulipofika kwenye maegesho, akautazama mlima, mlima ukamtazama, akapiga chafya moja ya kutengeneza. "Mie nabaki na gari. Lisije likaibiwa."

"Nani atakuiba hapa?" Asila akamwuliza. "Kondoo?"

Tukamwacha. Asila kabeba hotipoti na Nayla mgongoni, kamba ya mbwa kaifunga kiunoni. Mimi kapu la kahawa na mkeka. Pana geti la mbao. Asila akapita, mbwa akapita, mimi nikapita wa mwisho, nikaenda zangu. Kwetu geti la njiani hulifungui wala hulifungi, si lako.

Hatujafika mbali nikasikia kelele nyuma. Mzee mmoja mwekundu, fimbo mkononi, anakuja mbio anapiga makelele. Nikajua tu: mbwa. Nikamnyooshea kidole Angus nikasema kwa Kiingereza, "Si wangu! Wake huyu! Mimi namchukia!" Mzee anazidi kupiga kelele, anaonesha nyuma. Nikageuka. Geti liko wazi kama mdomo, na kondoo wake wanatoka mmoja mmoja wanaingia barabarani, hawana haraka, kama wanakwenda kazini.

Asila akanibwagia Nayla na kamba ya mbwa miguuni, akakimbia na yule mzee. Nilibaki nimesimama. Aibu ya kwanza hiyo, nyingine zinakuja. Nilipowaona wanarudi nikafanya lile tu nililofunzwa mtu afanye akimkosea mtu: nikatandika mkeka, nikamkaribisha mzee, nikammiminia kahawa.

Kwetu hata mtoto anajua: ukitosheka unatikisa finjani, unarudisha. Hujatikisa, unaongezwa. Mzee akanywa, akakunja uso, maana ile ni kahawa ya mkwe wangu, chungu, imejaa iliki. Akasema asante, akanirudishia. Nikamimina. Akanywa. Asante. Nikamimina. Asila kaenda kuhakikisha geti, na mimi namimina, na mzee anatoka jasho, anakula haluwa haraka haraka aue uchungu, anashukuru, na mimi nawaza, masikini, mtu huyu alikuwa na kiu.

Asila kurudi, akatuona, akaanguka chini.

"Wifi! Hajui kutikisa! Unamuua mtoto wa watu!"

Akamfundisha. Mzee akatikisa kwa mkono mzima mpaka begani, kama anapiga kengele ya shule. Wakacheka wawili, Nayla akacheka nao. Mimi sikucheka. Raba zangu nyeupe zishakuwa tope tupu, kila nilichokifanya tangu nimefika nchi ile kimekuwa kichekesho, na wa kunicheka ni yuleyule ambaye wali wake unachambuka. Finjani ikawekwa mkekani. Angus akaja, taratibu, akaingiza ulimi akailamba.

Finjani ya mkwe wangu. Ukingo wa dhahabu.

Na Asila alikuwa bado anacheka. Cheko lile lilikuwa la mzee na kengele yake, halikuwa la finjani, najua leo. Wakati ule niliona anacheka finjani ya mama yake inalambwa na mbwa.

Nikaenda nyuma ya ukuta wa mawe, nahema kwa hasira, nikafungua grupu la familia, la mkwe na mashangazi na binamu wote, Asila hayumo, nikabonyeza nikasema. Mmeisikia, lakini niiandike kwa mkono wangu: "Mama, ulitaka kujua mwanao anaishije. Anaishi na mbwa. Mbwa anakula naye, analala naye, sasa hivi kanywea finjani zako ulizomletea na yeye anacheka. Hijabu ni ya kutuzuga sisi, huyu hata kusali hasali. Usimsubiri Idi, Mama. Huyu si wako tena."

Kisaa kidogo kikakaa pembeni ya ujumbe, kinazunguka. Hakuna mtandao. Nikatia simu mfukoni. Nikarudi mkekani, nikasema, "Haya, twendeni huo mlima wenu."

Juu

Hali ya hewa ya kule haina adabu. Tulianza na jua, nikavua sweta. Ikaja mvua, nikavaa. Ikaacha, nikavua. Ikaja mvua ya mawe, vipande vidogo kama sukari guru iliyopondwa, vinakupiga masikioni, kisha jua tena na upinde wa mvua, kama hakuna kilichotokea. Nayla mgongoni kwa Asila anapiga makofi. Vichaka vya maua ya zambarau vimetapakaa mpaka macho yanapoishia, na maji yanatoka kila mahali chini ya miguu, maji ambayo kwetu mtu angeyajengea birika akayafungia mlango. Nilitaka kusema pazuri. Sikusema. Hasira yangu nilikuwa nimeibeba mwenyewe kwenye kapu pamoja na dele, na nilikuwa sitaki kuitua.

Tulikula biriani karibu na kileleni, chini ya jiwe, na bado ilikuwa ya moto. Asila akala kwa mkono, akafumba macho.

"Wifi," akasema, "mkono wako kama wa Mama."

Hakuna mtu aliyewahi kunambia hivyo ndani ya nyumba ile. Nikajifanya natafuta chumvi.

Kisha ukungu ukaja. Nilidhani ni kama ule wa Salala wakati wa khareef, msimu wao wa mvua, wa kupigia picha. Si huo. Huu uliteremka kama mtu kavuta pazia: kwanza mlima wa ng'ambo haupo, kisha njia haipo, kisha sizioni raba zangu. Na baridi, nyie, baridi iliyoingia kwenye abaya lililorowa ikakaa humo kama mpangaji. Midomo ya Nayla ikaanza kubadilika rangi. Aliacha kuzungumza. Mtoto ambaye haachi kuzungumza hata usingizini.

"Asila, mtoto!"

"Nimemwona. Usihangaike, tusubiri kidogo unyanyuke. Tukishuka sasa tutapotea."

Akatukalisha nyuma ya rundo la mawe. Akavua koti lake, akanivisha mimi. Mimi! Akabaki na sweta. Akamweka Nayla baina yetu, tukamfunika kwa mkeka, na bado mtoto anatetemeka. Angus akaja akasimama mbele yetu, anatuangalia, hasogei. Alikuwa anajua, nafikiri, kwamba mimi simtaki.

Nikamshika ukosi wa shingoni nikamvuta. Mimi, kwa mikono yangu. Nikamlaza juu ya miguu ya mwanangu, nikauchukua mkono wa Nayla nikaufukia kwenye manyoya yale. Asila aliona. Hakutabasamu, na ningemshukuru zaidi kama angenicheka.

Rangi ikaanza kumrudia mtoto. Akasema, "Mama, ananuka." Nikalia kwa furaha.

Asila akaangalia saa. Akatoa chupa ya maji, akatia udhu pale pale, vidole vyekundu kwa baridi. Kisha akanikabidhi kamba. "Nishikie huyu, msogeze mbali kidogo, nisali."

Basi nioneni nilivyokuwa: nimekaa kwenye ukungu, nimevaa koti la Asila, nimeshika mbwa, ili Asila asali. Kasimama kwenye jiwe, upepo unamvuta sketi, anasali taratibu, hakukata hata nyiradi za baada ya sala. Na mfukoni mwangu nimeandaa sauti inayosema hasali. Mimi mwenyewe tangu nitoke Maskati nilikuwa najiambia safari, safari, sala nitazilipa.

Nikaitoa simu nifute. Kioo kimerowa, vidole vimerowa, abaya la kufutia limerowa. Nabonyeza, haisikii. Nabonyeza, inafungua picha. Nayla akaanza kulia anataka kojo. Nikairudisha mfukoni, nikasema, nitafuta nikifika chini.

Chini. Kwenye mtandao. Akili yangu yote ya kufuzu sekondari haikuliona hilo.

Kushuka

Ukungu haukuondoka, ulipungua tu. Asila akamwambia Angus twende nyumbani, na mbwa yule mzee akaanza kushuka, hakimbii, hasiti, njia yake anaijua na chakula chake anakijua kiko wapi. Asila kashika kamba na Nayla mgongoni, mimi nimeshika sweta ya Asila kwa nyuma kama kipofu. Nilikuwa nafikiria nitamwambiaje. Nilikwisha kuyapanga maneno: wifi, nisamehe, nimekudhania. Nilikuwa nangoja tu tufike pakavu.

Tukafika getini. Nililifunga mwenyewe. Nikalisukuma kuhakikisha, nikalisukuma tena.

Mfukoni simu ikalia, ting: mtandao ulikuwa umesharudi huko njiani, na ile sauti ilikwisha kwenda.

Nilisimama. Nikaitoa, nikapangusa kioo kwa nywele zangu chini ya ushungi, nikafuta ujumbe. Imefutika. Nikashusha pumzi. Chini yake tayari pameandikwa na shangazi mmoja, "Astaghfirullah, nimeisikia," na mwengine, "Nitumie faragha, mie sijaiwahi." Na mkwe hakuandika kitu. Mkwe alikuwa kaisikia, alama yake niliiona kabla sijafuta, na hakuandika kitu.

Simu ya Asila nayo ikalia kabla hatujafika kwenye gari. Binamu kamrushia. Akaiweka sikioni, na mimi nikaisikia sauti yangu inavuja pembeni ya shavu lake, nyembamba, yenye upepo. Akaisikiliza mpaka mwisho. Mgongoni Nayla akasema, "Mama huyo!" kwa furaha.

Asila akaitia simu mfukoni. "Wifi," akasema, "ungesema mbwa tu, ningekusamehe. Ni kweli, mbwa yupo. Lakini umesema sisali."

Nassor kashusha kioo cha gari, mdomo umejaa tende. "Mbona kimya? Kuzuri huko juu?"

Penye mlango wa nyuma

Nilifikiri atanifukuza, au atanitukana, nipate na mimi kumjibu. Hakufanya. Tulipofika alipitia mlango wa nyuma na ile finjani. Akachota udongo kwenye ndoo kwa kopo, akausugua ndani ya kikombe, akasuuza, kisha maji tena, na tena, mpaka zikatimia mara saba, kama dini inavyotaka kwa chombo kilicholambwa na mbwa. Taratibu, kama mtu aliyezoea. Ndoo ile ndiyo kazi yake. Kila siku anamtembeza mbwa wa Bi Jean, na kila siku anasimama pale na udongo, na hajamwambia mtu.

Kisha akamwosha Nayla mikono na miguu. Kisha, bila kuniangalia, "Na wewe, mikono." Akanitilia udongo viganjani. Nilinawa, machozi yanadondokea humo humo.

Siku zilizobaki alitulisha, alitutandikia, alimwimbia Nayla. Mimi alinijibu ndiyo na hapana. Alimpigia mama yake, mama yake hakupokea. Akapiga tena, vivyo hivyo. Siku ya tatu akaacha, akamwambia Nassor, "Idi siji. Sitokwenda kugonga mlango uliofungwa." Nassor akaniangalia kwa macho ambayo hajawahi kuniangalia nayo, na alikuwa na haki, ingawa na yeye lile la mbwa alilificha na nilimwambia.

Asubuhi ya kuondoka Asila alikuwa kazini. Bi Jean, hajui lolote, alinipa mfuko wa biskuti na busu. Angus akaja mpaka kwenye gari akatikisa mkia. Wao wawili tu ndio walioniaga.

Ghubra

Nilikwenda kwa mkwe siku ya pili tu ya kurudi, baada ya Alasiri. Nilimwacha Nassor nyumbani na mtoto, nikachukua simu yake, maana yangu Asila hapokei. Bi Zuwena alikuwa sebuleni peke yake. Hakuniitikia salamu ila kwa midomo. Lakini mgeni ni mgeni, hata ukimchukia: akavuta dele, akanimiminia, akageuza uso dirishani. Alikuwa ananingoja ninywe, nitikise, niondoke.

Nikanywa. Nikamrudishia finjani bila kuitikisa.

Akamimina.

"Mama, nilisema uongo," nikasema. "Anasali. Nimemwona mlimani kwenye ukungu, ametia udhu kwa maji ya barafu. Mimi ndiye sijasali safari nzima."

Nikanywa, nikarudisha. Akamimina, anatazama dirisha.

"Mbwa si wake. Ni wa kizee aliyevunjika nyonga. Finjani yako aliiosha mara saba, ya kwanza kwa udongo. Ndoo iko mlangoni kwake, nilidhani ni ya maua."

Akamimina. Moyo unanidunda kwa maneno na kwa kahawa vilevile.

"Koti lake alinivisha mimi. Na Nayla alipoingiwa na baridi mbwa yule nilimvuta mimi, nikamlaza juu ya mjukuu wako kwa mikono yangu hii. Kama kuna wa kununiwa, ninunie mimi. Mimi nipo hapa, natoka Amerat tu. Yeye yuko mbali."

"Tikisa kikombe, Rayya," akasema. Kaniita kwa jina langu.

"Sitikisi."

"Utaugua."

"Niugue."

Akamimina tena. Dele likatoa matone mawili, likaisha. Akalitikisa yeye, hamna kitu. Akaliweka chini, akakaa anaviangalia viganja vyake muda. Mimi nimeshika finjani tupu, nimeshasema yote.

"Huyo mbwa," akasema, "jina lake nani?"

"Angus, Mama."

"Angasi." Akaliramba jina kama mtu anayeonja chumvi. "Nipigie."

Nikapiga kwa simu ya Nassor, nikaitia spika. Ikaita mpaka nikadhani haitapokelewa. Ikapokelewa, na kabla ya sauti ya mtu tukasikia mbwa anabweka.

"Asila," mkwe akasema, "mwambie Angasi anyamaze, nazungumza na mwanangu."

Asila akalia, akaita "Mama" tu, mara nyingi, na mama yake akawa anajibu "labeka, labeka" kila mara, kama anapokea kitu kimoja kimoja. Nilisimama niondoke, nikaonyeshwa kwa kidole nikae. Nikakaa. Wakazungumza. Mambo ya Idi wakayagusa wakayaacha. Mwishoni nikasikia Asila anauliza, "Nani kakupigia?"

Mkwe akaniangalia. "Wifi yako. Yupo hapa, kanimalizia dele zima, kakataa kutikisa."

Nilikuwa naangalia ukingo wa dhahabu wa finjani, sina pengine pa kuangalia.

"Mwambie," Asila akasema, "atikise."

Nikatikisa. Mkono mzima mpaka begani, kama yule mzee.